Nani Aliyemtuma Mtoto Dukani? Pombe, Vijana na Sikukuu katika Nzega



Nimeombwa nizungumzie hatari za pombe kwa watoto na vijana wakati wa sikukuu. Najua baadhi yenu mmewaleta watoto ili wasikie wakigombezwa. Leo hawatagombezwa. Maneno yangu mengi yanatuelekea sisi tulioketi viti vya mbele, kwa sababu sijapata kusikia mtoto wa Nzega mwenye leseni ya baa, wala mtoto aliyeagiza kreti za bia za harusi. Pombe inayomfikia mtoto imepita kwanza mikononi mwa mtu mzima: aliyeipika, aliyeiuza, aliyeinunua, au aliyeiacha mezani akaenda kucheza muziki. Ukitaka kujua mtoto alikunywaje, anza kwa kuuliza nani alimtuma dukani.

Tuanze na kalenda yetu wenyewe. Nzega yetu, hapa mkoani Tabora, ina majira mawili makubwa ya kusherehekea. La kwanza huja mavuno yakishaingia ndani: mpunga umeuzwa, choroko na karanga zimeuzwa, pamba imepimwa, na kuanzia Juni hadi Septemba hakuna wiki isiyo na harusi. La pili ni Desemba. Shule zimefungwa, ndugu walioko Mwanza na Dar es Salaam wanarudi na mabegi, mikesha ya Krismasi na Mwaka Mpya inafuatana. Sikukuu za Idd huzunguka mwaka mzima kwa kufuata mwezi, kwa hiyo huangukia popote.

Katika majira ya Desemba lipo kundi moja linalohitaji jicho la pekee, nalo ni vijana waliomaliza kidato cha nne. Mtihani umeisha Novemba, sare zimegawiwa wadogo, matokeo bado. Kijana huyu hahesabiki tena kama mwanafunzi, na bado si mtu mzima. Mwalimu amemwachia mzazi, mzazi anasema, "Huyu sasa ni mkubwa, amemaliza shule." Anaanza kupata vijisenti vya kubeba matofali au kuendesha bodaboda ya kaka yake. Ana muda, ana fedha kidogo, na hana wa kumuuliza amelala wapi. Ongezeni na mahali tulipo: barabara ya Singida, ya Tabora, ya Shinyanga na Mwanza, na ya Kahama kuelekea Rwanda na Burundi, zote zinapitia kwetu. Malori yanapolala, biashara ya usiku inaamka.

Si jambo jipya. Eneo hili limekuwa njia ya wasafiri tangu zama za misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji, na iliyopinda kaskazini kuelekea Nyanza. Mwingereza Richard Burton alifika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, Novemba 1857. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1860 alieleza pombe ya nafaka ya Unyamwezi, na akaeleza iwanza, nyumba ambamo watu wa kijiji walikutana kupumzika na kuzungumza, ya wanaume mbali na ya wanawake mbali. Pombe basi ilikuwepo kabla ya baa, na nyuki wa misitu yetu walichangia: kangara na wanzuki havikuletwa na meli.

Kilichotofautiana ni nani aliinywa na kwa ruhusa ya nani. Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu historia ya pombe Afrika Mashariki, anaonyesha jinsi kunywa kulivyofungamana na mamlaka. Katika jamii nyingi, mtungi ulikuwa alama ya uzee wa kiume. Nafaka ilikuwa ya mwenye shamba, kazi ya kupika ilikuwa ya wanawake, na aliyekaa karibu na mtungi alikuwa mzee. Kijana alingoja. Tusiupambe mpango huo kupita kiasi, maana uliwekwa na wazee kwa faida ya wazee, na wakati wa njaa nafaka iliyopikwa pombe ilikuwa chakula cha mtoto wa mtu. Hata hivyo ulikuwa na uzio: umri.

Uzio ule ulibomolewa na sarafu. Mpagazi kijana aliyerudi kutoka pwani na kitambaa na shanga hakuhitaji ruhusa ya mzee kununua kinywaji. Alihitaji mwuzaji tu. Kisha ikaja reli, ikaja kazi ya mshahara, vikaja vilabu vya pombe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukafunguliwa hapa kwetu mgodi wa dhahabu wa Golden Pride, na wachimbaji wadogo nao wana kambi zao. Kila mahali fedha taslimu ilipofika, swali la "una umri gani?" lilibadilika kuwa "una shilingi ngapi?"

Serikali zimejaribu kujenga uzio mwingine kwa sheria. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliweka vikwazo juu ya pombe kali kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, na ukoloni ukaendelea na sheria zilizogawa vinywaji kwa rangi ya mtu: Mwafrika hata awe mzee wa miaka sabini alihesabiwa kama mtoto mbele ya chupa ya wiski. Baada ya uhuru, Bunge lilitunga Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikaja kusema waziwazi kwamba mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na kwamba ni kosa kumuuzia pombe. Tarehe 1 Machi 2017 nchi ikapiga marufuku viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali. Mliokuwa walimu wakati huo mnakumbuka kwa nini: kiroba kiliingia kwenye soksi ya mwanafunzi, na bei yake ililingana na nauli. Marufuku ile ilisaidia, lakini leo chupa ndogo nayo inaingia mfukoni. Sheria hufika mpaka mlango wa duka. Ndani ya uzio wa nyumba yako, siku ya ubarikio au harusi ya shangazi, askari ni wewe.

Sasa niseme kwa nini mwili wa kijana si wa kuchezewa. Chupa moja ya bia ya mililita 500, yenye kilevi cha asilimia 5, ina takriban gramu 20 za alkoholi. Ini la mtu mzima wa kawaida huondoa kati ya gramu 7 na 10 kwa saa. Kwa hiyo chupa moja huchukua saa mbili hadi tatu kutoka mwilini. Kahawa haiharakishi, kuoga maji baridi hakuharakishi, supu ya mbuzi pia haiharakishi. Aliyelewa akioga anakuwa mlevi msafi. Kijana ana uzito mdogo na hajazoea, hivyo kiasi kilekile kinamwangusha haraka zaidi, na sukari yake ya damu inaweza kushuka ghafla. Kuhusu ubongo, sehemu ya mbele inayopima hatari na kuzuia pupa huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25. Pombe hulegeza kazi ya sehemu hiyohiyo. Unamchukua mtu ambaye breki zake hazijakamilika, kisha unazilegeza, kisha unampa funguo za pikipiki usiku wa mvua katika barabara yenye malori.

Shirika la Afya Duniani lilieleza Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Taarifa yake ya mwaka 2024 ilikadiria vifo milioni 2.6 duniani kwa mwaka 2019 vilivyotokana na pombe. Aliyeanza mapema anajiweka pia katika nafasi kubwa zaidi ya kutawaliwa na pombe ukubwani. Hayo ni ya miaka ijayo. Lakini madhara ya sikukuu hayangoji miaka: ajali, ugomvi wa visu, kuzama kwenye mabwawa wakati wa mvua, na binti anayeamka mahali asipopajua. Hili la mwisho nalisema polepole ili likae. Binti aliyeleweshwa hakukubali kitu. Aliyemtendea ni mhalifu, na ukoo unaokaa kikao kumaliza mambo kimyakimya kwa ng'ombe unamsaidia mhalifu.

Na gongo? Anayekunywa gongo hajui nguvu yake, maana hakuna aliyeipima. Na pombe ya magendo inapochanganywa na methanoli, alkoholi ya viwandani isiyonyweka, ini huigeuza kuwa sumu inayoshambulia mishipa ya macho. Novemba 2000 jijini Nairobi zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe ya aina hiyo, na walionusurika baadhi yao walipofuka. Ladha haikuwaonya.

Hebu turudi nyumbani, kwenye mambo madogo tunayoyaona ya kawaida. Babu anampa mjukuu povu la bia aonje, watu wanacheka anavyokunja uso. Baba anasema, "Kimbia hapo grosari, mwambie akupe mbili za baridi, nitalipa kesho." Mwenye grosari anampa mtoto kwa sababu anamjua baba. Baada ya miezi michache mtoto yuleyule anakuja bila kutumwa, na mwuzaji hana namna ya kutofautisha. Kwenye harusi, kamati inapanga vijana wa miaka 15 wagawe vinywaji, kwa kuwa wana mbio. Saa nne usiku hakuna anayehesabu chupa. Halafu tunashangaa.

Kuna pia kina mama wanaopika pombe ili watoto wasome. Sitasimama hapa kumtukana mama ambaye kangara yake imelipa michango ya shule na kununua madaftari. Biashara hiyo ina historia ndefu, na kwa wengi wao ndiyo fedha pekee isiyopita mkononi mwa mume. Ninachomwomba ni kitu kidogo na kigumu: mtoto asihudumie wateja, asikusanye madeni ya walevi, na asiwe mwonjaji wa kujua kama imeiva. Na sisi wengine, tukitaka aache kabisa, tumtafutie nafasi kwenye vikundi vya mikopo na kilimo, maana mahubiri hayalipi ada.

Sasa nije kwenye nusu ya pili: kusherehekea salama bila pombe. Wapo wanaodhani kwamba ukiondoa chupa, sherehe tayari imekuwa salama. Mkoa wetu ulijifunza vinginevyo kwa machozi. Siku ya Idd el-Fitri, tarehe 1 Oktoba 2008, watoto wapatao 20 walifariki katika ukumbi wa disko mjini Tabora. Walikwenda disko toto mchana, kwa nguo mpya. Hawakufa kwa pombe. Walikufa kwa sababu watoto wengi mno waliingizwa katika ukumbi usiowatosha, hewa ikawa haba, wakakanyagana. Tangu hapo polisi hutangaza kila sikukuu kwamba disko toto haziruhusiwi. Marufuku hiyo ina sababu yake. Lakini tumefunga mlango bila kuonyesha mlango mwingine, na mtoto aliyekatazwa disko la saa nane mchana, akifika miaka 16 anatafuta muziki wa saa nane usiku, na huko kinachouzwa si soda.

Kwa hiyo sherehe salama inahitaji vitu vitatu: mahali pa wazi panapojulikana, saa ya kuanza na ya kumaliza, na watu wazima waliopewa kazi kwa majina. Msidhani ni ndoto. Nchi ndogo ya Iceland, huko kaskazini mwa Ulaya, ilikuwa na tatizo kubwa: mwaka 1998 asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walisema walilewa ndani ya mwezi uliotangulia. Kufikia 2016 walikuwa asilimia 5. Walifanya nini? Waliweka saa ya watoto kurudi nyumbani, wakatoa fedha za michezo na muziki kwa vijana, wakaendelea kuwauliza vijana wenyewe mwaka hadi mwaka hali ikoje, na wazazi wakajipanga kutembea mitaani kwa vikundi usiku wa mwisho wa wiki. Hawakubeba rungu. Walitembea tu, wakawasalimia vijana kwa majina.

Wazee mliopo mnatabasamu, na najua kwa nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, wizi wa ng'ombe ulipozidi, ni Wasukuma na Wanyamwezi wa sehemu hizi waliounda sungusungu, na baadaye nchi nzima ikaiga. Tulijua kulinda ng'ombe usiku kwa zamu. Sungusungu nao walikuwa na makosa yao. Wapo walioumizwa bila hatia, na hatutaki kurudia hayo kwa watoto. Chukueni ile zamu, acheni kiboko. Kina baba wawili na kina mama wawili wa kila mtaa, usiku wa tarehe 24 na 31 Desemba, wanapita barabara kuu na stendi kuanzia saa mbili. Wakimwona mtoto, wanamwuliza, "Mwanangu, nani anakungoja nyumbani?" Wakimwona mwuzaji anampa mtoto chupa, wanalijua jina lake na wanampelekea mtendaji.

Na katikati ya uwanja kuwe na kitu cha kutazama. Hapo sisi hatuna umaskini. Majirani na ndugu zetu Wasukuma wana Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana baada ya mavuno kwa dansi, dawa, vinyago na vichekesho, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi. Ngoma ya bugobogobo huchezwa na majembe, nayo inadai pumzi na mguu ulio imara. Mlevi jembe litamponda kidole. Tabora ya mjini nayo ilitoa Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, bendi zilizochezesha Tanzania nzima. Mnao vijana wanaotengeneza midundo kwenye simu. Wapeni spika ya harusi mchana, saa nane hadi saa kumi na mbili, uwanja wa shule, si ukumbi uliofungwa. Shindanisheni kata kwa kata. Kuwe na Kombe la Mbuzi la mpira wa miguu, na la netiboli lenye mbuzi wa ukubwa uleule, maana mara nyingi wasichana huambiwa washangilie tu.

Mpeni kijana kazi yenye cheo. Vijana wengi wanakunywa ili wahesabiwe wakubwa. Basi wahesabiwe wakubwa kwa kitu kingine. Awe mshereheshaji, mpiga picha, mweka hazina wa kamati ya vinywaji baridi, msimamizi wa wadogo. Kijana mwenye orodha mkononi na watu wanaomuuliza maswali hana haja ya chupa kujithibitisha.

Kuhusu kinywaji chenyewe, usimpe mgeni asiyekunywa pombe maji ya uvuguvugu kana kwamba anaadhibiwa. Ukwaju upo, ubuyu upo, rozela ipo, asali ya Tabora inajulikana kote nchini. Togwa iliyopikwa vizuri na kunywewa siku yake ni kinywaji cha heshima. Ikilala siku nyingi itaanza kulewesha, kwa hiyo pika ya kutosha siku hiyo. Weka barafu, weka glasi nzuri, weka meza ya mbele. Waislamu wa Nzega wanakula Idd bila tone la pombe, Wasabato na Wapentekoste wanaoza watoto wao bila kreti, na sijasikia anayesema harusi hizo hazikuwa halali.

Kabla sijafunga, jambo la kuokoa maisha. Ukimkuta kijana amelewa hata haamki ukimwita na kumfinya, anapumua polepole au kwa kukatizakatiza, anatapika akiwa usingizini, au ngozi ni baridi na midomo inageuka rangi, usiseme "mwacheni alale, itamtoka." Mlaze ubavu ili matapishi yasiingie kwenye mapafu. Usimpe maziwa, mafuta wala kahawa. Usimwache peke yake. Mpeleke hospitali mara moja, na ukifika sema ukweli amekunywa nini. Na ninyi vijana: mkimkimbia mwenzenu kwa kuogopa fimbo ya baba yake, mtamzika. Wazazi nanyi, toeni ahadi leo, mkiwa wazima, kwamba mtoto atakayepiga simu usiku kuomba kufuatwa atafuatwa kwanza, maneno yatakuja asubuhi. Kwa mtoto anayefanyiwa ukatili, namba 116 ya huduma ya simu kwa watoto hupigwa bure.

Kwenu vijana nina machache. Anayekuambia "onja tu" hatalipa bili ya hospitali. Kukataa hakuhitaji hotuba: "Sinywi" ni sentensi kamili, na aliye na haya aseme ana mechi kesho. Nendeni kwenye sherehe wawili au watatu, rudini idadi ileile. Kinywaji ulichokiacha mezani ukaenda kucheza, usikirudie. Dereva wa bodaboda akinuka, shukeni, hata kama ni mjomba.

Mheshimiwa Mwenyekiti, sikukuu zinakuja na kamati zinaanza vikao. Naomba kila kamati, kabla haijajadili idadi ya kreti, iandike kwanza kwenye daftari majibu ya maswali haya: watoto watakuwa wapi saa mbili usiku, nani anawasimamia, funguo za vinywaji zinakaa kwa nani, na nani atawarudisha nyumbani. Na kila mwenye nyumba, kuanzia jioni ya leo, atakayetamani bia aifuate mwenyewe kwa miguu yake. Tukianza na hilo moja tu, mwenye grosari atapata sababu ya kumwuliza mtoto anayekuja peke yake: nani amekutuma?